Likeni za mkarafuu na likeni za barafu: namna ya kuzitafuta, kuzikusanya na kuzipa jina

Nenda kwenye mkarafuu wowote mkubwa wa Pemba, sogea mpaka pua ikaribie gome, uangalie. Utaona madoa: ya kijivu, ya kijani kilichofifia, meupe yenye ukingo, na mengine yenye mistari myeusi iliyopindapinda kama ubao wa mtoto wa chuoni anayeandika alifu yake ya kwanza. Kwetu, upande wa Konde, tuliyaita choa cha mti. Nilikua nikiamini kuwa ni maradhi, na nilishiriki kuyakwangua kwa panga kila msimu ulipokaribia.

Si choa, na si maradhi. Ni likeni. Kuvu moja imekaa nyumba moja na mwani. Sisi wa visiwani tukisikia mwani tunafikiria ule unaolimwa Paje na Jambiani; huu wa likeni mara nyingi ni wa chembe mojamoja, hauonekani kwa jicho tupu. Kuvu hujenga kuta, hushika maji na hujibana kwenye gome au jiwe. Mwani hupika sukari kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener aliposema mwaka 1867 kuwa likeni ni viumbe wawili, wakubwa wengi wa fani hiyo walimkatalia kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake wakaonyesha kuwa katika likeni nyingi mna hata mkaazi wa tatu, hamira, aliyejificha kwenye ngozi ya juu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa baiolojia, mwanafunzi, mkulima, au yeyote mwenye hamu ya kujua lile doa ni nani. Mimi kazi hii nilijifunzia mbali sana na karafuu: Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo karibu na ncha ya kaskazini, nilikokaa wiki mbili nikipasua mawe kwa nyundo na patasi. Niliporudi nilishangaa kuona kuwa kila nilichofundishwa kule kinafaa Makangale, huku kwetu Pemba. Kwa hiyo nitakuwa nikienda na kurudi kati ya huku na kule, maana kule somo ni jepesi kulishika. Antaktika ina mimea miwili tu ya asili inayotoa maua, nyasi moja na kijimea kimoja kilichojikunyata kama mto wa sindano, lakini ina aina za likeni karibu 400. Hakuna miti, hakuna majani ya kukuficha; kuna jiwe na likeni yake. Mtoto huanzia juzuu ya Amma, yenye sura fupi za Kurani, kabla ya kufika sura ndefu, na ncha za dunia ni juzuu ya Amma ya likeni. Huku kwetu shina moja la mkarafuu lina aina nyingi zilizobanana, moja imepanda mgongo wa nyingine.

Na si mimi wa kwanza kupita njia hiyo. Hildur Krog, mama wa Kinorwe, aliandika kuhusu likeni kubwa za Alaska mwaka 1968, kisha akageukia Afrika Mashariki, na mwaka 1988 yeye na Mwingereza Douglas Swinscow wakatoa kitabu cha likeni kubwa za kwetu. Mpaka leo anayeanza kupambanua likeni za Tanzania au Kenya huanzia mikononi mwao.

Kabla ya kutoka

Pata ruhusa. Kwenye shamba la mtu, mwombe mwenyewe. Kwenye msitu wa hifadhi, iwe Ngezi-Vumawimbi au Jozani, nenda idara ya misitu, na kama kazi yako ni ya utafiti, chukua kibali cha utafiti cha Serikali ya Zanzibar. Kwenye magofu usikate kitu. Ras Mkumbuu, Pujini, Maruhubi, kuta za Mji Mkongwe: hapo piga picha tu, hata kama unaona likeni nzuri kiasi gani. Antaktika sheria ni kali vilevile. Mkataba wa mazingira uliotiwa saini Madrid mwaka 1991 unaihesabu likeni pamoja na mimea ya asili, na kuichukua bila kibali ni kosa.

Vifaa ni vichache: lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, kisu kikali, bahasha za karatasi za kaki, penseli (wino huyeyuka kwa unyevu), rula ndogo, chupa ya maji yenye kipuliza, na simu ya kupigia picha na kuonyesha mahali ulipo. Ukiweza kupata ile tochi ya zambarau wanayokagulia noti madukani, ichukue, itakufaa baadaye. Lenzi ndiyo ya kuitolea fedha. Ishikilie karibu kabisa na jicho, kisha usogeze gome kulielekea mpaka lionekane wazi. Wengi huishika mbali kama wanasoma gazeti, na hawaoni kitu.

Hatua ya kwanza: kujua pa kutazama

Likeni hazipendi kuhamahama. Zinataka kitu kinachokaa mahali pamoja kwa miaka, na mwanga. Anza na minazi iliyo wazi kwa jua, halafu mikarafuu, miembe, mishelisheli na mivinje. Zunguka shina lote, maana upande unaopigwa na mvua una wakaazi wake na upande mkavu una wengine. Matawi membamba yaliyoanguka baada ya upepo yasikupite. Hayo ni zawadi ya kileleni usikoweza kufika.

Kisha nenda maweni. Jiwe la matumbawe kwenye uwanda wa Micheweni au kusini ya Unguja lina likeni za chokaa ambazo hutaziona kwenye mti, nyingine zimezama ndani ya jiwe mpaka kilichobaki juu ni vitobo tu. Imre Friedmann, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, ndiye aliyeushangaza ulimwengu miaka ya 1970 alipoonyesha kuwa ndani ya mawe ya mabonde makavu ya Antaktika, pale palipodhaniwa hapana uhai, kuna viumbe wanaoishi milimita chache chini ya uso wa jiwe. Baadhi yao ni likeni. Tangu nilipojua hilo, sipiti jiwe lenye vitobo bila kuinama.

Ndani ya msitu wa Ngezi, tazama majani yenyewe. Mimea ya kivulini isiyopukutisha majani hubeba likeni ndogo za duara, nyeupe au za kijani cha fedha, juu ya jani lililo hai. Hizi ni za nchi za joto. Kule kwenye barafu hakuna jani la kuzibeba.

Halafu kuna mikoko na mibuyu ya pwani, na hapa nataka tukae kidogo.

Kamusi za zamani za Kiswahili zina neno marere, wengine wakisema malele. Maana yake ni likeni ya pwani inayoning'inia kama nyuzi za kijivu kwenye mikoko, mibuyu na vichaka vinavyopata upepo wa bahari. Kwa jina la kisayansi ni Roccella, na aina iliyoenea pwani yetu ni Roccella montagnei. Katika karne ya 19 marere ilikuwa bidhaa. Iliokotwa pwani hii, ikapitia Unguja, ikapakiwa majahazini na melini kwenda Ulaya, ambako iliroweshwa pamoja na amonia ikatoa rangi ya zambarau ya kutia hariri na sufu. Likeni za jamaa hiyo ndizo zilizotoa pia litmasi, ile karatasi ya maabara inayogeuka nyekundu kwenye asidi. Kijana wa leo anaichovya karatasi ile kwenye mtihani wa kemia, na babu wa babu yake pengine aliifunga malighafi yake magunia. Mwingereza William Perkin alipotengeneza zambarau ya viwandani mwaka 1856, rangi za maabara zikaanza kuzifukuza rangi za miti na likeni sokoni. Biashara ikafa, na neno likafuata. Ninaliandika hapa ili lirudi midomoni: ukiona nyuzi za kijivu kwenye mchu au mkandaa, useme marere.

Hatua ya pili: andika kabla ya kukata

Piga picha tatu. Ya kwanza ionyeshe mti mzima au jiwe na mazingira yake. Ya pili, doa lenyewe likiwa kavu, rula pembeni. Ya tatu, doa hilohilo baada ya kulipuliza maji. Tofauti ya kavu na bichi ni habari kubwa. Likeni ikilowa, ngozi yake ya juu hupitisha mwanga na mwani wa ndani huonekana, ndiyo maana kijivu hugeuka kijani mbele ya macho yako. Ikiwa inavimba na kuwa kama utelezi mweusi, basi mshirika wake si mwani wa kijani bali ni bakteria wa kijani-buluu, na hapo tayari umeshajipunguzia kazi kubwa.

Andika kwenye bahasha: namba yako ya sampuli, tarehe, mahali, mti au jiwe gani, kimo kutoka ardhini, upande gani wa shina, jua au kivuli, jina lako. "Pemba, mkarafuu" haitoshi. Mtu atakayefungua bahasha hiyo baada ya miaka 50 hatakuwa na wa kumuuliza. Mfano wa lebo nzuri ni huu: Na. 147. Pemba, wilaya ya Micheweni, karibu na Konde, shamba la mikarafuu ya zamani. Kwenye gome la mkarafuu, mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa kusini, kivuli chepesi. Pamoja na likeni nyingine mbili za ukoko.

Hatua ya tatu: kukata na kukausha

Chukua kidogo. Ukubwa wa kidole gumba unatosha, na kama ipo moja tu mahali pale, iache na uchukue picha. Usikate gome mpaka kwenye uti wa mti. Chana lile gamba la juu lililokufa. Kule kusini mwa dunia hili ni jambo la heshima, kwa sababu likeni za pale hukua polepole mno: Buellia frigida ya mabonde makavu huweza kuchukua makumi ya miaka, na pengine karne nzima, kuongeza milimita moja. Anayeng'oa kipande cha ukubwa wa kiganja ameng'oa umri wa mataifa. Za kwetu hukua upesi zaidi, lakini mkono mwepesi ni tabia, na tabia hujengwa mapema.

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza sampuli zote za Ngezi. Nilizitia kwenye mifuko ya nailoni, nikaacha kwa siku tatu nikingojea nafasi ya kuzitazama, na nilipofungua nilikuta koga tupu, nyeupe na nyeusi, limekula kila kitu. Hewa yetu haisamehi. Karatasi, siku zote karatasi. Zianike kivulini penye upepo siku ileile, bahasha wazi, na usizianike juani kwa sababu rangi hupauka. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, ndiyo miezi bora ya kukusanya. Masika utapata picha nzuri lakini utapigania kukausha. Zikikauka kabisa, zifunge vizuri uziweke kwenye friza wiki nzima kuua wadudu wadogo wanaokuja kuzitafuna.

Hatua ya nne: umbo

Sasa kaa mezani na lenzi yako. Swali la kwanza si jina, ni umbo.

Ukoko: imeshikana na gome au jiwe kama ukoko wa wali chini ya sufuria, huwezi kuitoa bila kutoka na kipande cha kilichoibeba. Nyingi za mkarafuu ni hizi. Buellia frigida ni ukoko pia, na vilevile ile Rhizocarpon geographicum ya manjano-kijani inayochora mawe ya kaskazini kama ramani.

Majani: ina ngozi ya juu na ya chini, na unaweza kuingiza ncha ya kisu chini yake. Angalia upande wa chini: rangi gani, kuna vijizizi au hakuna? Umbilicaria za barafuni ni za jamii hii, ila zimeshika jiwe kwa nukta moja ya katikati, na jina lao kwa Kilatini linatokana na kitovu. Kwetu zilizo maarufu ni Dirinaria na Pyxine, za kijivu, zimejibandika kwa nguvu kiasi cha kukudanganya kuwa ni ukoko.

Kichaka au ndevu: imesimama au inaning'inia, haina juu wala chini. Marere ni huyu. Usnea za Antaktika ni hawa, wafupi, weusi ncha zake, wamejikunja dhidi ya upepo. Ile Cladonia rangiferina inayoliwa na kulungu wa kaskazini wakati wa baridi ni huyu pia.

Kuna za magamba madogomadogo, na kuna za unga mtupu usio na umbo. Hizo za unga nashauri uziache mpaka upate uzoefu wa mwaka mmoja.

Hatua ya tano: namna inavyozaa

Hapa ndipo ukoko mmoja unapoachana na mwingine. Tafuta visahani, yaani duara ndogo zenye ukingo, na uangalie ukingo huo: una rangi ya mwili wa likeni, au una rangi ya sahani yenyewe? Tofauti hiyo peke yake hugawa jenasi nyingi. Ukiona vichunusi vyenye tundu moja juu, hizo ni jamaa za Pyrenula na Trypethelium, zinazopenda magome ya nchi za joto. Ukiona mistari, nyoofu au iliyogawanyika kama matawi, umekutana na Graphis au ndugu zake, wale wa alifu kwenye mkarafuu. Hata jina lao limetokana na neno la Kigiriki la kuandika.

Nyingine hazina hata kimoja kati ya hivyo. Huzaa kwa kumeguka: ama unga mwepesi unaotoka kwenye nyufa, ama vijiti vidogo kama vipele juu ya ngozi. Andika ulichokiona, na mahali kilipokaa, katikati au kwenye ukingo.

Kisha kwangua kidogo kwa ncha ya wembe. Chini ya ngozi ukiona kijani kibichi, mwani wake ni wa kijani wa kawaida. Ukiona rangi ya machungwa au manjano iliyoiva, ni mwani uitwao Trentepohlia, ambao likeni nyingi za ukoko za pwani za joto huutumia na ambao za kule barafuni ni nadra kuutumia. Mwani huo huishi pia peke yake, na hapa wengi hukosea: yale manyoya ya rangi ya machungwa kwenye kuta chepechepe na magome si lazima yawe likeni.

Hatua ya sita: dawa

Likeni hutengeneza asidi zake zenyewe, na baadhi ya asidi hizo hubadilika rangi zikiguswa na dawa. Wataalamu wa ncha na wa tropiki wanatumia zilezile.

Ya kwanza ni potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, inayoandikwa K. Inaunguza, kwa hiyo vaa glavu na uifanye maabara ya skuli, si jikoni. Gusa likeni kwa kijiti cha meno kilichochovywa, utazame kwa lenzi. Ukitaka kuona ajabu yake, ijaribu kwenye doa la rangi ya machungwa la jiwe la matumbawe. Likigeuka zambarau papo hapo, ni likeni ya familia ya Teloschistaceae, na rangi yake inaitwa parietini. Likibaki vilevile, huenda ni ule mwani wa Trentepohlia niliokutahadharisha. Parietini hiyohiyo ndiyo inayopaka machungwa mawe ya Antaktika yaliyo jirani na makaazi ya pengwini na ndege wa bahari, ambako kinyesi hurutubisha jiwe. Rusavskia elegans, mmoja wa familia hiyo, ilipelekwa nje ya kituo cha anga za juu, ikakaa mwaka na nusu kwenye utupu na mionzi, na ikarudi hai.

Ya pili ni C, yaani ile klorini ya kufulia nguo nyeupe, iliyo mbichi na haijakaa sana kwenye chupa iliyofunguliwa. Marere iguse kwa C: itageuka nyekundu. Usichanganye klorini na asidi yoyote wala dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu.

Ya tatu, P, ni parafenilinidayamini. Hii ndiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za kutia nywele weusi na kwenye piko linalochanganywa na hina. Wanaojua harusi zetu wanajua mikono ilivyovimba kwa piko. Iachie maabara yenye mtaalamu. Usiinunue, usiivute kwa pua, usiiguse.

Na ile tochi ya noti: zima taa, mulika. Pyxine cocoes, likeni ya majani ya pwani za joto iliyopewa jina kwa ajili ya mnazi, hung'aa manjano. Jamaa yake Dirinaria haing'ai hivyo. Mezani mchana zinafanana kama pacha, gizani zinajitenga zenyewe. Wanafunzi wangu hupenda hatua hii kuliko zote, na mimi pia.

Hatua ya saba: hadubini

Kata kisahani kwa wembe mpya, kipande chembamba kadiri mkono unavyoweza, weka kwenye tone la maji, funika, na utazame kwa ukuzaji wa mara 400. Unatafuta spora, zile chembe ndogo za kuzalia: ngapi katika kila mfuko, rangi gani, zina vyumba vingapi. Mara kumi za mwanzo utakata vipande vinene kama mkate. Endelea. Kwenye jamaa za maandishi, tone la iodini huleta jibu: spora za Graphis ni angavu na hugeuka zambarau-buluu, za Phaeographis ni za kahawia.

Siku niliyofanya hivi kwa Pyxine ya mnazi wa nyumbani nilikaa kimya muda mrefu. Spora zilikuwa za kahawia, zenye vyumba viwili, kama kokwa mbili za kahawa zilizoshikana. Nilikuwa nimeziona kabla, kwenye picha za Buellia frigida ya Antaktika. Hazikufanana kwa bahati: zote mbili ni za familia moja, Caliciaceae. Moja inaishi kwenye mnazi penye joto la nyuzi 30, nyingine kwenye jiwe lisilowahi kuona mvua, na spora zao zinakiri undugu.

Hatua ya nane: jina

Sasa ndiyo ufungue vitabu na funguo za upambanuzi, yaani orodha za maswali zinazokuongoza hatua kwa hatua hadi jina. Anza na familia, ushuke jenasi, halafu spishi, na usimame pale ushahidi wako unaposimama. "Graphis, spishi haijajulikana" ni jibu halali na la heshima kuliko jina zuri lisilo na msingi.

Kuna kisa ambacho kila anayeanza anapaswa kukijua. Carroll Dodge, Mmarekani, alielezea spishi mpya nyingi sana za likeni za Antaktika, na nyingi alizielezea kutoka vipande duni, vilivyopigwa na upepo au visivyo na viungo vya kuzalia. Miaka ya 1990 Miris Castello na Pier Luigi Nimis wa Italia walizirudia sampuli zake moja moja, na wakakuta kuwa majina mengi yalikuwa ya likeni zilezile zilizokwisha kuitwa, zimevaa nguo tofauti. Likeni moja hubadilika sura: kivulini hivi, juani vile, uzeeni vingine. Kwa hiyo kabla ya kusema "mpya", kusanya nyingi za aina moja, kutoka miti mbalimbali, uone inavyobadilika. Mkarafuu mmoja hautoshi kuwa shahidi.

Kwa upande wa pili kuna Elke Mackenzie, aliyekuwa kwenye safari ya Waingereza ya miaka ya 1943 hadi 1945 iliyoitwa Operation Tabarin. Alikaa kule vita vikiendelea, akakusanya kwa uangalifu, akaandika kila kitu, na kazi yake bado inategemewa.

Ikiwa kweli unadhani una spishi isiyo na jina, taratibu ni hizi. Jina la likeni ni jina la kuvu yake; mwani una jina lake pembeni. Lazima kuwe na sampuli ya msingi iliyowekwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa inayotambulika. Maelezo yaandikwe kwa Kilatini au Kiingereza, na tangu Januari 1, 2013, jina la kuvu lazima lipate namba ya usajili kwenye daftari la kimataifa kama MycoBank au Index Fungorum kabla ya kuchapishwa. Siku hizi utaombwa pia kipande cha vinasaba kiitwacho ITS, ambacho tangu 2012 ndicho kinachotumika kama alama ya kutambulisha kuvu. Hiyo ni kazi ya kushirikiana na chuo kikuu, usiibebe peke yako.

Gawa kila sampuli nzuri mara mbili. Nusu moja ibaki visiwani, skuli kwako au SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na nusu ya pili ipelekwe hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, ikiwa na lebo ileile na namba ileile.

Mwezi uliopita nilikuwa Konde na kisu na bahasha zangu, na mzee mmoja mwenye shamba akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Choa hicho ndicho kinachoniulia mikarafuu?"

Nikamwambia hapana. Likeni haili mti, imepanga tu kwenye gome, chakula chake inajipikia. Ule ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla ni wa kuvu nyingine kabisa, Valsa eugeniae, inayoshambulia kutoka ndani. Ukiona likeni nyingi kwenye mti uliopukutika, ujue zimekuja kwa sababu mwanga umeongezeka. Mti wenyewe ulianza kuugua kabla.

Akaniomba lenzi. Akaisogeza jichoni, akainamia gome, na akabaki vile kwa muda.

"Hii imeandikwa," akasema.

Nikamfungulia bahasha namba 148, akanitajia mwaka mti ule ulipopandwa, nikauandika kwenye lebo.